Nilipookoka Mke Wangu Hakusadiki

Ndugu msomaji, ukimtajia mtu wa Kampala jina la Onduparaka, aghalabu atakuuliza habari za mpira, kwa sababu timu yetu, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 na kulitangaza jina la mahali petu nchi nzima. Sisi tuishio hapa, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji wa Arua, tunayo pia mambo mengine ya kusimulia. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu wa nyumbani nieleze jambo ambalo huhubiriwa sana viwanjani, lakini huzungumzwa kidogo mno jikoni, nalo ni kuokoka. Sisemi kama kasisi. Mimi ni karani wa serikali, mwalimu kwa cheti, na kwa muda wa miaka miwili hivi nilikuwa pia mwizi.

Katika nyumba niliyokulia, neno kuokoka tulilijua kabla hatujajua kusoma, na halikutufikia kwa njia ya kanisa. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengine wakaenda Sudan. Mama yangu alikuwa msichana wa miaka 14. Walitembea usiku kucha, babu mbele, nyanya nyuma akiwa na sufuria kichwani, na watoto katikati wakishikana nguo wasipotezane. Walipovuka kijito kilicho mpakani, babu aliketi chini akasema neno moja tu: tumeokoka. Kesho yake wakaamka ugenini, hawana jembe, hawana chumvi, wala hawajui watalala wapi usiku wa pili. Waliobaki nyuma nao yaliwakuta ya kwao. Watu wa Arua hawaisahau tarehe 24 Juni 1981, siku raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci walipouawa na wanajeshi. Kwa hiyo sitasema kwamba kuvuka ni jambo dogo. Asiyevuka hakubaki na hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Lakini mama hakuimalizia hadithi yake mpakani. Sehemu aliyoipenda zaidi ni ile ya mwaka 1986, waliporudi. Nyumba ilikuwa imeanguka, nyasi zimepita kimo cha mtu, na mahali palipokuwa chumba cha babu palikuwa pameota mwembe mchanga. Babu aliuzunguka mwembe ule, akautazama kwa muda, kisha akainama akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Mama husema kwamba ndipo alipoelewa lile neno la kijitoni. Hadithi hii niliisikia tangu utoto wangu, nami sikujua kwamba siku moja nitaulizwa swali kutokana nayo.

Sasa nije kwangu. Nilimaliza chuo cha walimu nikiwa kijana, nikapata cheti cha daraja la tatu, nikapangiwa shule moja ya msingi. Nilipenda kufundisha, hasa hesabu, na hilo ndilo lililoniponza, maana mwalimu wa hesabu hupewa vitabu vya fedha. Wazazi walikuwa wakichanga kidogo kila muhula kwa ajili ya uji wa mchana wa watoto wao. Mimi nilikuwa mweka hazina: napokea, naandika, nanunua unga wa mahindi na sukari. Mara ya kwanza nilikopa shilingi 20,000, nikiwa na nia kamili ya kuzirudisha mwisho wa mwezi. Wenzangu mnaoshika fedha za watu, iwe kambini, kituoni au katika chama cha akiba, mnajua mkopo wa namna hiyo unavyozaa. Mwisho wa mwezi ulipofika nilikopa tena. Nilikuwa nimeanza kunywa, kwanza kwete jioni pamoja na wenzangu, halafu waragi ya vifuko, ile ambayo serikali iliipiga marufuku mwaka 2019. Kifuko kimoja kiliingia katika mfuko wa shati bila mtu kuona, hata darasani.

Niliandika vitabuni kwamba bei ya unga imepanda. Uji ukawa mwepesi. Siku moja mtoto wa darasa la tatu aliniinulia kikombe chake akaniambia kwa furaha, kama mtu aliyegundua jambo: "Mwalimu, tazama, chini ya kikombe panaonekana!" Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumla yake, kama nilivyokuja kuihesabu baadaye kwa penseli, ilifika shilingi 640,000. Hakuna aliyenishika. Nilipata kazi ya ukarani katika ofisi ya gombolola, upande wa masjala, nikaaga shuleni kwa heshima zote, wazazi wakaninunulia na shati. Shati lile nililivaa mara moja tu.

Desemba 2016 ulikuja mkutano mkubwa wa injili. Kiangazi kilikuwa kimeanza, vumbi limetanda, na vipaza sauti vilisikika mpaka mbali. Nilikwenda kwa sababu ya muziki, nami nilikuwa nimekunywa kidogo. Mhubiri alipowaita wanaotaka kuokoka wainue mikono, niliinua. Nililia. Sitaki mtu anidhanie kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo au ya pombe. Nilijiona kama mtu aliyetumbukia kisimani, na kwa mara ya kwanza akasikia kamba ikigonga ukuta. Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu akichambua maharagwe kwa mwanga wa taa. Nikamwambia: "Mama, nimeokoka."

Akanijibu, "Haya, Mwalimu." Huniita hivyo mpaka leo. Kisha akaendelea kuchambua maharagwe.

Niliudhika sana. Nilitazamia afurahi, nami nilikuwa nimekwisha kutunga maneno ya kumwambia atakapofurahi. Baada ya siku 11 ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, nikarudi usiku wa manane nikiwa nimeshikwa mabega na watu wawili. Hakunisimanga. Alinivua viatu, akaniwekea ndoo karibu na kitanda, na asubuhi akaenda kanisani peke yake na watoto.

Nilipokwenda kwa mama yangu kumweleza habari za mkutano ule, na jinsi nilivyoanguka tena, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Umevuka, au umerudi?" Nilidhani anazungumzia kurudi kwenye pombe, nikajitetea. Akatikisa kichwa. "Baba yangu alivuka kwa usiku mmoja," akasema, "lakini alirudi kwa miaka."

Jirani yetu mmoja ni kopla mstaafu wa polisi, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye kila Alhamisi jioni hukusanya watu wachache barazani kwake kusoma neno na kusali. Hakuna kipaza sauti, na kama mvua inanyesha hata wimbo hausikiki. Nilianza kwenda huko mwanzoni mwa 2017, kwa aibu zaidi kuliko kwa imani. Jambo lililonishangaza ni kwamba hawakuniuliza kama nimeokoka. Walikaa, na mmoja baada ya mwingine akaeleza wiki yake: huyu amemdanganya mteja sokoni, yule amemtukana mkwe wake. Wanakuita huko kutembea katika nuru. Mimi nilikuita moyoni kujianika.

Hapa naomba nitoke kidogo katika habari zangu, kwa maana baraza lile lina asili yake, na vijana wengi wanaojiita walokole hawaijui. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Mganda mmoja aliyeitwa Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo wa miaka mingi, na wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa jina tu. Walisoma na kusali pamoja. Miaka michache baadaye uamsho ukawaka Gahini, ukaingia Kigezi, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda wakawaita watu hao balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikalipokea neno hilo mpaka leo. Hawakupendwa na kila mtu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kunyamaza. Huku kwetu misheni ya Africa Inland ilikuwa imefika Arua tangu 1918, na baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwapo hapa daktari Mganda, Eliya Lubulwa, aliyetibu watu mchana na kuwahubiria wokovu. Wazee wa Mvara bado humtaja.

Walokole wale wa kwanza walitambulikana kwa jambo moja lililowashangaza majirani kuliko nyimbo zao: walirudisha vitu. Mtu alikuja mlangoni na mbuzi akasema, huyu ni wako, nilimwiba mwaka fulani. Mtumishi alirudisha shuka za bwana wake. Waliona katika habari ya Zakayo, mtoza ushuru, kwamba Bwana alipoingia nyumbani mwake kitu cha kwanza kilichotoka ndani kilikuwa fedha za watu.

Katika wao alikuwamo mwalimu mmoja wa shule ya msingi wa Acholi, mwenye cheti kama mimi. Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka kwa ushuhuda wa Yusto Otunno na mkewe Josephine, na siku hiyo hiyo alijihesabu kuwa askari wa jeshi la Yesu, tayari kufa humo. Jina lake Janani Luwum. Alikuja kuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, na tarehe 16 Februari 1977 aliuawa mikononi mwa serikali ya Amin. Tangu 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa, na ofisi yetu hufungwa. Wengi wanaijua sehemu hii. Wachache hukumbuka kwamba aliyemrithi kiti, Silvanus Wani, alikuwa Mkakwa wa upande wetu wa Koboko, kabila moja na Amin, na tena alikuwa amewahi kuwa kasisi wa jeshi. Alikaa katika kiti hicho mpaka 1983, katika miaka ambayo kabila la mtu lilitosha kumtia kaburini. Naye Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekimbia kwa miguu kupitia milima mpaka Rwanda mwaka huo wa 1977, aliandika kitabu kueleza kwamba anampenda Amin. Mimi niliyezaliwa huku, ambako jina la Amin limetuletea lawama tusizozitenda, nilipoelezwa habari ya kitabu hicho sikujua nicheke au nilie. Kopla alinieleza kwa ufupi: "Yule askofu alikuwa amerudisha chuki. Kila mtu na kitu chake cha kurudisha."

Na yeye Kopla alikuwa na chake. Alitusimulia Alhamisi moja, huku akisugua goti lake kwa mafuta. Alipokuwa konstebo kijana, katika kizuizi cha barabarani, alimnyang'anya baiskeli muuza samaki aliyekuwa akitoka upande wa Mto Nile, kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alilibuni pale pale. Aliitumia baiskeli ile miaka kadhaa. Kisha akaokoka, na baiskeli ikaanza kumsema kila alipoipanda. Mwishowe aliipakia juu ya lori, akaenda kumtafuta mwenyewe kijiji kwa kijiji, amevaa nguo za kiraia. Alipofika alikuta mtu yule amekufa. Mjane wake aliipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani, akamwambia askari: "Mume wangu alitembea kwa miguu mpaka akafa." Akaingia ndani akafunga mlango.

Nikamwuliza, "Mzee, hukujuta kwamba ulikwenda?"

"Mwanangu," akasema, "kabla ya siku ile nilijua kwamba nimeokolewa. Siku ile nilijua nimeokolewa kutoka wapi."

Wasomaji wenzangu mnaovaa sare, nimeiandika habari hii kwa idhini yake. Yeye mwenyewe aliniambia, "Iandike katika gazeti la askari, wataielewa kuliko makasisi."

Baada ya jioni ile sikupata usingizi mzuri. Nilijaribu kumtolea Mungu hoja. Nilimwambia kwamba damu ya Mwanawe imekwisha kulipa, na hilo ni kweli, kwa kuwa wokovu haununuliwi, na mtu akidhani anaununua kwa shilingi 640,000 basi ameufanya uwe rahisi mno. Lakini kila nilipofika hapo nilikiona kile kikombe kinaonekana chini. Watoto wale walikuwa bado hawajashiba. Msamaha nilikuwa nimepewa mimi. Uji hawakuwa wamepewa wao.

Aliyenikata kauli hakuwa Mkristo. Ni fundi cherehani mmoja Mnubi, mzee, mwenye kibanda karibu na barabara, ambaye hunishonea suruali. Nilimwuliza kama kwa mtu wa tatu: mtu akiiba, kisha akatubu kwa Mungu, je, imekwisha? Alitoa sindano mdomoni. "Katika dini yetu," akasema, "haki ya Mungu utamwomba Mungu. Haki ya mtu utampelekea mtu." Akairudisha sindano mdomoni akaendelea na kazi.

Basi nilikwenda. Mwalimu mkuu wa siku zangu bado alikuwapo. Nilipomweleza, aliinuka akafunga mlango, akanisihi niyaache yaliyolala yalale, maana vitabu vile vilikwisha kukaguliwa na sahihi yake imo. Nilimhurumia, sikuwa nimefikiri kwamba toba yangu inaweza kumtia mwingine hatiani. Nilimwambia kwamba nitasema lililo langu tu. Lakini nilipotoka hapo miguu ilitetemeka. Askari na polisi mnaosoma mnajua sheria inavyosema juu ya mtumishi anayekula fedha alizokabidhiwa. Ningeweza kupoteza kazi, ningeweza kulala ndani. Mhubiri wa uwanjani hakuwa ameligusa jambo hilo.

Nilimwona mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mmoja muuza mihogo mikavu sokoni, ambaye watoto wake wawili walikuwa wamekunywa uji wangu. Nilisema yote mbele yake na wajumbe wengine watatu, chini ya mwembe. Walinyamaza muda mrefu. Mmoja alitaka polisi waitwe. Mama yule akauliza tu, "Unapata mshahara kiasi gani?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema: "Utalipa 80,000 kila mwezi, miezi minane. Utaleta wewe mwenyewe, si kwa simu, ili tukuone. Na usije ukatuhubiria." Mjumbe wa polisi aliguna, lakini akakubali.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama jani. Hapo ndipo nilipokutana na hesabu ambayo sikuwa nimeifanya. Nilimweleza mke wangu kila kitu, hata vifuko. Alisikiliza akiwa amempakata mdogo wetu. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mwalimu, ulipokuwa unakunywa tulilala njaa. Sasa umeokoka, tutalala njaa. Tofauti ni nini?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hakuna mhubiri ambaye angekuwa nalo. Nilikuwa nimetoa ahadi mbele ya watu wanne kwa fedha ambazo zilikuwa chakula cha watu watano, bila kuwauliza hata mmoja wao. Katika habari za wokovu huwa tunamtazama mtu mmoja anayevutwa kutoka kisimani. Mara chache tunawatazama wale walioshika kamba, na mikono yao inavyochunika. Mke wangu hakuiba hata senti, wala hakuinua mkono kiwanjani, naye alikuwa ametakiwa alipe nusu ya deni langu kwa sufuria yake.

Siku chache hakusema nami ila la lazima. Kisha usiku mmoja alileta daftari la mtoto, akachora mistari minane. Juu ya kila mstari aliandika mwezi. Alisema hafanyi hivyo kwa ajili ya dini yangu. Anafanya kwa sababu anamjua mama yule wa sokoni, na hataki kuona haya akipita mbele ya meza yake. Tukauza mbuzi wawili. Karatasi ya mshahara nikaanza kumkabidhi mkononi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuoane. Nililima shamba la mihogo la mama yangu kila Jumamosi kwa nusu ya mavuno, na mikono ya karani ikatoa malengelenge. Sukari tuliiacha. Watoto walilalamika wiki ya kwanza, wakazoea.

Pombe je? Wako watakaotaka kujua, hasa akina mama ambao waume zao wanarudi likizo na kiu ya miezi. Sitadanganya kwamba kiu iliondoka siku moja. Mwezi wa pili nilisimama mbele ya duka na fedha ya kulipa deni mfukoni, nikasimama muda wa kutosha mwenye duka kuniuliza nataka nini. Nilinunua kiberiti. Tulikuwa nacho kingine nyumbani. Alhamisi nililieleza hilo barazani, nao hawakunishangilia wala hawakunilaumu. Kopla alisema tu kwamba viberiti haviozi.

Mwezi wa tano nilichelewa siku tatu, kwa kuwa mdogo wetu alipata malaria. Nilipofika sokoni mama yule hakuniuliza sababu. Alizipokea, akazihesabu, kisha akanipimia kikombe cha unga wa muhogo akaniambia nimpelekee mgonjwa. Nilitembea na kikombe kile cha unga toka sokoni mpaka Onduparaka bila kupanda bodaboda, na kama mtu angenisalimu njiani nisingeweza kumjibu.

Malipo ya nane niliyapeleka mwishoni mwa 2017. Mwenyekiti aliandika stakabadhi katika karatasi iliyochanwa katika daftari, akatia sahihi, na wajumbe wengine wawili nao wakatia. Yule aliyetaka polisi hakutia sahihi, na hiyo ni haki yake. Fedha zilinunua unga, na nilisikia kwamba muhula uliofuata uji ulikuwa mzito. Sikwenda kuutazama. Watoto wale niliowapunja walikuwa wamekwisha kupanda madarasa, wengine wamehama. Hao hawakuunywa, wala sina namna ya kuwafikia wote. Mmoja ni askari sasa. Kama anasoma gazeti hili, basi anajua.

Nilimpelekea mama yangu habari. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, ule ule, maana babu aling'oa nyasi zote akauacha, na nyumba mpya akaijenga kando yake. Sikumwambia kwamba nimerudi, nilimwonyesha stakabadhi. Mama hajui kusoma vizuri. Aliigeuza huku na huku, akaipangusa vumbi kwa upande wa kanga, akaniuliza kama nimekula.

Mke wangu stakabadhi ile aliitia katika kopo la bati tunamoweka kadi za chanjo za watoto. Hatukusherehekea. Jioni hiyo alifungua pindo la nguo yake, akatoa noti ya shilingi 20,000, akanituma dukani nilete sukari na sabuni. Miaka mingi alikuwa hanitumi dukani. Alimtuma mtoto, au alikwenda mwenyewe usiku. Nilikwenda nikarudi, nikamwekea chenji mkononi. Akaihesabu mbele yangu, noti kwa noti, hata sarafu.

Baraza la Alhamisi huja nalo siku hizi, mara nyingine, mvua isiponyesha. Chenji bado huihesabu.